Seva Iliyoanguka Kila Asubuhi Wakati wa Sala

Nasikia siku hizi, vijana mnaoanza kazi ya kanzidata, mnapanga kumbukumbu ya seva kwa kuuliza simu. Mnaandika ukubwa wa mashine, simu inawatemea namba, mnaibandika kwenye faili la mipangilio, kisha mnakwenda kunywa chai. Siwacheki. Mimi nilifanya vilevile nikiwa na miaka zaidi ya ishirini kazini, na namba yangu iliangusha hospitali nzima siku nne mfululizo, mbele ya masista.

Jina langu ni Skolastika, mzaliwa wa Mbuji kule milimani, na wengi wananiita Mama Skola. Nimestaafu juzijuzi tu. Sasa nina kahawa yangu kidogo na mahindi, na magoti yanayolalamika kila ninapopanda kilima kwenda shambani. Nilianza kama mpiga chapa kwenye ghala moja la kahawa Mbinga, nikamalizia kwenye hospitali ya misheni kando ya ziwa, ambako nilikuwa mtu wa kompyuta peke yangu. Mtu wa kompyuta hospitalini anaitwa printa ikikwama, anaitwa redio ya sista ikikoroma, na anaitwa hata jokofu la chanjo likigoma, kwa sababu nalo lina taa inayowaka.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Leonsi, Mnyasa wa Mbamba Bay, aliyekuwa fundi pale ghalani. Alikuwa na tabia iliyoniudhi sana nikiwa kijana. Kabla ya kugusa mashine yoyote, anavuta kigoda, anakaa asubuhi nzima akiwaangalia watu wanaoitumia. Anakula karanga. Mimi nilidhani ni mvivu tu anayetafuta kivuli.

"Skola," aliniambia siku moja, "mashine haina tabia. Tabia ni ya watu. Waangalie wao kwanza."

Sikumsikiliza. Mwezi uleule niliingia chumba cha kupanga madaraja ya kahawa nikakuta kompyuta imefunikwa kitambaa, tena kitambaa kizuri kilichofumwa maua. Nikasema hii imepumzika, nikaizima nifagie vumbi nyuma yake. Kumbe makarani walikuwa na desturi ya kuifunika skrini kuzuia vumbi la kahawa hata mashine ikiwa katikati ya kazi, na ilikuwa na saa tatu ikitengeneza orodha ambayo madereva wa malori waliisubiri nje. Mzee Leonsi hakunigombeza. Alinipeleka kwenye foleni ya malori, akanitaka nimweleze kila dereva, mmoja mmoja, kwa nini atalala Mbinga. Dereva wa tatu alinicheka, wa tano alinitukana. Hadi leo nikiona kitambaa juu ya kitu chochote nakifunua kwanza, hata kama ni sinia la mkate.

Sasa nije kwenye hospitali, maana hapo ndipo kuna sifa zangu, na nimezeeka vya kutosha kujisifu bila haya.

Tulikuwa na mfumo wa taarifa za wagonjwa kwenye seva moja yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya GB kumi na sita. Aliyetufungia aliiacha kama ilivyotoka kwenye boksi, akapanda gari akaondoka. Jueni hili: kanzidata mpya hujifanya maskini. Haijui imewekwa kwenye mashine ya namna gani, kwa hiyo inajinyima, inatumia kumbukumbu kidogo sana hata kama iliyopo ni nyingi. Miaka ya mwanzo tulikuwa na wagonjwa wachache, haikuonekana. Wagonjwa walipoongezeka, daftari la majina, ile orodha ya wagonjwa wote ndani ya mfumo, likawa linafunguka kwa dakika nne.

Dakika nne mnaziona chache. Njooni mkae mapokezi siku ya kliniki ya presha na sukari, iwe Alhamisi au Ijumaa. Mabibi wanatoka Kihagara kwa mtumbwi wa mashine, saa kumi na mbili wako kwenye benchi, na wanataka kurudi kabla ziwa halijachafuka mchana. Mapokezi alikuwepo Mama Bernadeta, mwanamke mpole anayejua watoto wa kila mtu kwa majina, na siku zile hata yeye alianza kujibu watu kwa mkato.

Mganga mfawidhi wetu, Sista Auksilia, aliniita ofisini kwake siku ya Ijumaa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Sista. Shikamoo."

"Marahaba. Mama Skola, kamati ya hospitali inakaa Ijumaa ijayo, saa nne. Wajumbe wanataka tununue seva kubwa zaidi."

"Hatuhitaji seva kubwa."

"Wao wanaona tunahitaji. Na fungu tulilonalo ni moja, lile la ultrasaundi."

Mashine ya ultrasaundi, ile ya kumwangalia mtoto akiwa tumboni, tulikuwa tumeililia miaka. Wajawazito wetu walikuwa wanapandishwa milima hadi Mbinga, wengine Songea, kwa barabara ile mnayoijua, ili tu waambiwe mtoto amelalaje. Mkwe wa Mama Bernadeta alikuwa ameshakwenda na kurudi mara mbili, na safari ya pili alirudi amelala kiti cha nyuma, hawezi hata kukaa. Na leo fungu lile liende kununua chuma kwa sababu mimi nimeshindwa kuamsha chuma kilichopo. Damu ilinipanda.

"Nipe wiki hiyo, Sista. Seva hii inatosha."

"Unaomba au unaahidi?"

"Naahidi."

Mdomo wangu huu umeniingiza mahali pengi.

Jumamosi mchana hospitali ikiwa tulivu nilikaa na seva. Nilisoma kumbukumbu za matukio, yaani yale seva inayojiandikia yenyewe kila jambo likiipata, ambazo nawaomba mzisome kabla ya kusoma kitu kingine chochote, na zilikuwa zinapiga kelele. Kila daftari likifunguliwa, seva iliandika kwamba nafasi ya kupangia majina haikutosha, imelazimika kuandika faili la muda kwenye diski. Diski ni mzee wa miguu mizito ukilinganisha na kumbukumbu.

Watu wa ziwani nawaelezea kwa usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Ukitoka na usipa wako ziwani unahitaji kichanja cha kuwaanika. Kichanja kikiwa kidogo, unaanika kidogo, wengine unawarundika mchangani wasubiri zamu, na hapo ndipo unapochelewa. Kwenye seva kuna kumbukumbu ya pamoja, ambayo ni ya wote, na kuna vichanja, ambavyo kila mtumiaji hupewa chake anapopanga kitu. Vyetu vilikuwa vya MB nne. Vidogo kupita kiasi.

Basi nikatafuta kwenye mtandao, nikakuta mtu mmoja anajisifu kwamba ameweka vichanja vya MB mia mbili hamsini na sita na seva yake inapaa. Nikanakili. Kumbukumbu ya pamoja nikaiweka GB nne, robo ya mashine, na hiyo ilikuwa sawa kabisa, mpaka leo naitetea. Nikazima, nikawasha, nikafungua daftari. Sekunde sita. Nikafunga, nikafungua tena. Sekunde sita. Nilicheza kioda, ngoma ya akina mama wa ziwani, peke yangu mbele ya seva, mimi Mmatengo nisiyejua hata hatua ya kwanza ya ngoma ile.

Jumatatu, saa moja na nusu, tukaenda sala ya asubuhi kama kawaida ya hospitali yetu. Tuliporudi, kila skrini ilikuwa imeandika kwamba muunganisho umepotea. Mapokezi, maabara, chumba cha dawa, wodini, kote. Niliingia kwa seva nikakuta imejinyanyua yenyewe, inafanya kazi, kama mtu aliyejikwaa na hataki kuulizwa. Watu wakaingia upya, na siku nzima ilikwenda vizuri, tena kwa kasi ambayo hawajawahi kuiona. Nikasema ni umeme.

Jumanne ikaanguka tena. Wakati wa sala. Nikabadilisha betri ya akiba. Jumatano ikaanguka tena. Wakati wa sala. Sasa maneno yakaanza korido nzima. Kwamba seva ile haipendi rozari. Kwamba imeletwa na watu wasiojulikana. Mhudumu mmoja wa wodi aliniletea maji ya baraka kwenye chupa ya soda, kwa moyo safi kabisa, nikamshukuru na kumwomba ayaweke mbali na nyaya. Mnacheka, lakini mimi mwenyewe Jumatano ile nilifanya ishara ya msalaba kabla ya kufungua mlango wa seva.

Mtaniuliza kwa nini sikurudisha tu namba za zamani. Kiburi, wanangu. Nilikuwa nimeshacheza ngoma.

Jumatano saa kumi nilimpigia Mzee Leonsi, ambaye siku hizo alikuwa ameshastaafu na kurudi Mbamba Bay. Nilimweleza yote, GB hizi na MB zile, betri, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, namsikia anatafuna.

"Hizo siku tatu umekaa na watu au umekaa na mashine?"

"Na mashine, Mzee."

"Haya," akasema, akakata simu.

Alhamisi sikwenda sala. Saa moja kamili nilikuwa kwenye benchi la mapokezi katikati ya mabibi wa Kihagara, nimejifunga kanga, kama mgonjwa. Wafanyakazi waliingia mmoja mmoja, wakasalimiana, wakawasha kompyuta, wakafungua mfumo. Hakuna cha ajabu. Wakakaa wanazungumza habari za mvua. Kisha ikalia kengele ya kwanza ya sala, na hapo niliona kitu ambacho kwa miaka yote nilikuwa nakipa mgongo kwa sababu na mimi nilikuwa nakimbilia kanisani. Kila mmoja, kabla ya kunyanyuka, alibonyeza daftari la majina, lote, tangu mgonjwa wa kwanza wa hospitali, lipangwe kwa alfabeti. Wakaondoka.

"Mama Bernadeta," nikamdaka mlangoni, "kwa nini unafungua daftari zima?"

Alishangaa swali. "Si lilikuwa linachelewa? Ndiyo tukazoea kulibandika kama maharage. Tunakwenda kusali, tukirudi limeiva."

"Wote mnafanya hivyo?"

"Wote. Tangu zamani."

Sikungoja. Nilikimbia kwa seva, magoti na yote, nikafungua dirisha la kuangalia kumbukumbu. Kompyuta arobaini zilikuwa zimebonyezwa kwa kengele moja. Na daftari lile lilikuwa linapanga mara mbili, kwa jina kisha kwa kijiji, yaani kila kompyuta ilidai vichanja viwili, na kanzidata yetu ilitenga kichanja kizima hata usipa wakiwa wachache. Arobaini mara mbili ni themanini. Themanini mara MB mia mbili hamsini na sita ni GB ishirini. Kwenye mashine ya GB kumi na sita, ambayo nne nilikuwa nimeshazigawa. Hesabu ya darasa la nne. Nilitazama kumbukumbu ikipanda, ikapanda, ikafika juu, na mfumo wa mashine ukafanya unachofanya ukiishiwa pumzi: ukamtafuta mlaji mkubwa ukamkata, na kanzidata ikawatoa wote nje.

Sista Auksilia alinikuta pale nimekaa sakafuni.

"Hukuja kusali."

"Sikuja, Sista. Nimepata jibu."

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba nilimpa kila mtu ruhusa ya kujenga kichanja kikubwa, na siku nikiwa peke yangu ufukweni ilipendeza, lakini asubuhi wote arobaini walijenga kwa mpigo mmoja, na ufukwe ukajaa mpaka hakuna pa kukanyaga. Alinielewa mara moja, kwao ni wavuvi.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"Langu. Nilinakili namba ya mtu ambaye pengine ana watumiaji watatu."

"Kamati ni kesho saa nne, Mama Skola," akasema, akarudi ofisini kwake.

Sasa hapa nusura niharibu mara ya pili. Nilitoka pale na hasira zangu nikachukua kalamu nene nikaandika tangazo: ni marufuku kufungua daftari kabla ya sala. Nikalibandika mapokezi. Mama Bernadeta alilisoma taratibu hadi nukta ya mwisho.

"Sawa, Mama Skola. Lakini hawa mabibi wamefika saa kumi na mbili. Tusipobandika sasa, tutalifungua wote tukirudi, na likianguka hapo wataanza kuitwa saa ngapi?"

Nililitazama lile benchi. Nikalichana tangazo. Watu arobaini walikuwa wametafuta njia yao ya kumwahisha mgonjwa kwenye mashine mbovu, na mimi nilitaka kuwaadhibu kwa akili yao. Mashine ndiyo ipangwe iendane na sala, siyo sala iendane na mashine.

Nikaanza upya, na safari hii nilipima badala ya kunakili. Nilipanga daftari nikauliza seva yenyewe: umetumia kumbukumbu kiasi gani hapo? Ikanijibu, takriban MB hamsini kwa kila upangaji. Hamsini tu. Mimi nilikuwa nimetoa mia mbili hamsini na sita. Nikaweka sitini na nne, lakini si kwa kila kitu. Daftari lile nililitengenezea akaunti yake, likifunguliwa linaingia kwa jina lake, na jina lile peke yake ndilo likapewa sitini na nne. Kazi nyingine zote nikazipa MB nane, maana kumfungua mgonjwa mmoja hakuhitaji hata hizo. Nikapiga hesabu kwa kalamu: themanini mara sitini na nne, GB tano. Ongeza nne za pamoja, tisa. Zinabaki saba za mashine yenyewe kupumua. Nikairudia hesabu mara tatu, nikihesabia siku mbaya kuliko zote, siku ambayo wote wamebonyeza na hakuna aliyekosekana. Seva hupangwa kwa siku hiyo, siyo kwa Jumamosi.

Halafu niliandika kwenye daftari langu: tarehe, namba ya zamani, namba mpya, sababu. Daftari la karatasi, wanangu, kwa sababu seva ikilala hamtaweza kusoma maelezo mliyoyaandika humo humo ndani. Namba za vichanja hazihitaji kuzima mashine, unaiambia tu isome upya mipangilio, kwa hiyo nilifanya saa sita mchana wakati watu wanaendelea na kazi, na hakuna aliyenyanyua hata kichwa.

Ijumaa kengele ya kwanza ilipolia nilikuwa nimesimama mlangoni kwa seva. Moyo ulitaka nibaki niangalie. Niliwaona wote wakibonyeza, kila mtu kama siku zote, sikuwa nimemwambia yeyote aache. Nikafunga mlango, nikaenda kanisani pamoja nao. Kama hesabu ni sahihi hainihitaji, na kama ni mbovu macho yangu hayatazuia kitu. Nilikaa nyuma ya Mama Bernadeta. Siwezi kuwadanganya kwamba nilisali. Nilikuwa nazidisha themanini kwa sitini na nne.

Tulirudi. Nilitembea nyuma ya wote, kwa makusudi. Nikasikia sauti ya Mama Bernadeta ikiita jina la kwanza, na ya pili, na ya tatu, bila kupumzika katikati. Maabara nako wanaita. Chumba cha dawa wanaita. Niliingia kwa seva nikafungua kumbukumbu za matukio za asubuhi ile. Hakuna anguko. Hakuna hata faili moja la muda kwenye diski. Vichanja themanini viliingia, themanini vikatoka, na mashine bado ilikuwa na nafasi. Nililia kidogo, na sioni aibu kuwaambia.

Saa nne wajumbe wa kamati walifika. Sista Auksilia hakuwapeleka ofisini moja kwa moja, aliwapitisha mapokezi. Mwenyekiti alisimama akalitazama benchi.

"Leo si siku ya kliniki?"

"Ni siku ya kliniki," Sista akajibu.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Wameshahudumiwa. Wengi wako njiani kurudi Kihagara."

Mwenyekiti alinitazama, mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na daftari langu kwapani, nimenyooka kama askari wa gwaride. Kikao kile hakikuzidi nusu saa, na neno seva, Sista aliniambia baadaye, lilitajwa mara moja tu, na yeye.

Kwa hiyo mkinisikia nawagombeza kuhusu namba za kunakili, mjue najua bei yake. Pimeni mashine yenu, halafu nendeni mkakae kwenye benchi mkawaangalie wenye kuitumia, mjue wanabonyeza nini kabla ya kwenda kusali, au kunywa uji, au chochote wanachofanya huko kwenu. Zidisheni kwa wote. Ndipo mguse faili.

Mashine ya ultrasaundi ilikuja kabla sijastaafu. Siku ya kwanza ilipowashwa nilikuwa ndani ya chumba kuunganisha waya wake kwenye mfumo wetu, na mjamzito wa kwanza alikuwa mwanamke mnene mcheshi kutoka Kihagara, mimba yake ya nne, ambaye hakuwahi kupimwa kwa mashine maisha yake yote kwa sababu hakuwa na namna ya kufika Mbinga. Nilitaka kutoka, akasema nikae tu. Muuguzi alisogeza kile kifaa tumboni, akasimama, akakirudisha, akageuza skrini ili mama aone.

"Mama, wako wawili. Na wote mioyo inapiga."

Mwanamke yule aliikodolea macho skrini. Kisha akacheka mpaka kitanda kikatikisika.

"Wawili," akasema. "Na mimi nimeandaa kanga za mmoja."